Sura ya Berna juu ya maneno yangu

Mercredi 3 juin

Nilimukosea Berna, mudogo yangu mwanamuke. Naanza na ile, juu nikianza na kingine nitazunguka.

Asubui nilifungua atelier yangu ya kutengeneza ma frigo sawa siku yote. Courant ya umeme hakuna. Baridi ya juin, mikono inakataa kazi. Nilifungua frigo ya mwalimu moya wa Kamalondo, nikakuta compresseur imekufa kabisa. Nikakaa nangojea courant. Haikurudia.

Bibi yangu, mama ya binti yetu Carine, alirudia ku soko na sura ingine. Akasema: "Baba Carine, mudogo yako ameandika mambo mu internet. Soko yote iko nasema." Akanionyesha mu téléphone yake.

Maneno ilikuwa yangu. Yote. Juu yake: jina ya Berna, na photo yake, ile ya kitambaa ya kijani mu kichwa.

Samedi ya kupita njo nilifanya. Iko site moya inaandika habari ya mu muji. Ilikuwa na article ya maternité, nyumba ya kuzalia, kwenye Berna eko natumika. Bâtiment mupya, docteur patron mu costume, beko nakata ruban, beko namusifu. Nikachomeka na kasirani. Ule docteur aliniahidi kazi ya ma frigo yake, kisha akapatia muntu mwingine. Ata kuniita hakuniita.

Chini ya article balisema: kama unataka kuandika kintu, ingia. Bouton ya bleu, ya Facebook. Mimi Facebook sina. Niliwaza ni mulango tu. Nikafinya. Lunettes yangu ya kusomea ilibakia ku nyumba. Nikaandika, na chini nikatia: Mukaaji moya wa Katuba. Niliwaza njo jina bataona.

Niliandika kama courant ilienda, groupe, ile machine ya kuleta courant, haikuwa na mafuta, bakazalisha mama moya na torche ya téléphone. Ile ni kweli. Berna njo aliniambia, ku meza yangu, na akasema: "Yaya," njo vile ananiita juu niko mukubwa yake, "hii isitoke hapa." Nikamujibu haitatoka.

Kisha nikaongeza: mutoto alikufa, beko naficha. Ile ni bwongo. Mutoto alipona. Nilitia kifo juu isikike.

Téléphone yangu ilikuwa ya Berna zamani. Alinunua mupya, akanipa hii. Nilitia carte SIM yangu, WhatsApp yangu, nikawaza imekuwa yangu. Kumbe yeye alibakia ndani, na Facebook yake. Niliingia kwake sawa mwizi, na nikatokea na nguo yake.

Jeudi 4 juin

Berna alikuya mbele ya kuenda ku kazi. Hakukasirika. Ni woga. Ile commentaire ameshaifuta, lakini bantu balipiga ma capture, photo ya écran, inatembea mu ma groupe yote.

Akaniuliza: "Yaya, ile téléphone nilikupa iko wapi?"

Nikasema ilianguka mu seau ya mayi, ikakufa, nikaitupa.

Ilikuwa mu mufuko ya salopette yangu ya kazi. Niliisikia ku paja. Nikaomba Mungu isilie.

Bibi yangu alikuwa nachambua matembele. Hakuinua kichwa. "Seau gani?"

"Ile ya atelier."

"Ah. Ile ya kutoboka."

Ni kweli ile seau iko na tundu. Haishike ata mayi ya kunawa. Berna hakusikia. Alikuwa anasoma tena matusi yake, midomo inatembea. Alikunywa chai kidogo akaenda.

Mimi njo nilimulea Berna. Baba alikufa akiwa mudogo. Niliacha masomo mu ya pili secondaire, nikaingia mu ma frigo, juu yeye asome. Siku ya mariage yake mimi njo nilikaa mu kiti ya baba. Bantu banasema: Alphonse alifanya kazi ya baba. Ninapenda kusikia ile. Njo juu yake nilidanganya. Haiko kwa kingine.

Vendredi 5 juin

Nilitoa carte yangu. Nilifunga téléphone mu kitambaa, nikaiweka mu congélateur ya mama Zaituni, client yangu, chini ya plateau ya mwisho. Kazi yake imekwisha, anangojea camion tu ya kumubebea. Hapo hakuna muntu atatafuta.

Singeweza kuivunja. Siyui juu ya nini. Nilishika nyundo, nikaiweka chini.

Samedi 6 juin

Bamemusimamisha Berna. Asikanyage ku maternité mpaka conseil, mukutano ya bakubwa ba kazi, iketi, mercredi ya tarehe 17. Pale njo bataamua kama banamufukuza.

Na iko mbaya kupita. Ule mama wa torche, mutoto yake banamuita Plamedi. Famille ya bwana balisoma. Sasa beko nauliza: kama mutoto alikufa, uyu eko mu nyumba ni wa nani? Balimuokota wapi?

Sikuwaza ile. Niliwaza docteur tu. Niliandika neno moya, "alikufa", na mutoto muzima akakosa kwao.

Bakubwa ba famille yetu balikutana kwangu. Kwetu, bantu ba Kasaï, mutoto akikosea kwa watu, ule mwenye kukaa mu nafasi ya baba njo anaenda. Anabeba kuku nyeupe, anaongea, mutoto ananyamaza. Berna alisema hakukosea. Baba mudogo akamujibu: "Jina ni yako, sura ni yako. Unataka tupeleke kuku kwa nani, kwa machine?" Bakacheka. Nilicheka nabo.

Berna akageuka kwangu. "Yaya, sina baba mwingine. Utanisindikiza mardi kwa docteur."

Nikasema ndiyo.

Dimanche 7 juin

Kanisa. Nyuma yangu mama moya aliambia mwenzake: "Uyu ni yaya yake. Angalia kinywa yako, kesho utajikuta mu internet."

Sikugeuka.

Lundi 8 juin

Nilienda mu ville kutafuta gaz ya ma frigo. Kurudia, congélateur ya mama Zaituni haiko.

Bibi yangu: "Alikuya na camion. Amefurahi. Alisema uko fundi ya kweli."

Mama Zaituni anauzisha samaki ya baridi ku Kasumbalesa. Téléphone imeenda ku frontière, ku mupaka ya inchi, chini ya plateau.

Nilikaa chini.

"Kuko kintu?"

"Hapana."

"Basi simama, uko mu njia."

Kwanza nilifurahi. Naandika ile juu ni kweli. Nikawaza imekwisha, itapotea, hakuna muntu atayua. Kisha nikaelewa: ile téléphone njo kintu ya pekee inaweza kuonyesha si Berna. Alishaniuliza, nikasema ilikufa. Sasa ni kweli imeenda.

Mardi 9 juin

Leo nilifanya mbaya kupita ile ya kuandika.

Mu njia Berna aliniambia: "Yaya, useme tunaomba amani. Usiseme nilikosea." Nikaitika. Alivaa blouse yake nyeupe ya kazi, ya kupigwa pasi, ata kama balimukataza kazi. Mimi veste nyeusi. Kuku chini ya mukono.

Mu bureau kulikuwa docteur, madame wa administration, na mama Plamedi na mutoto ku mugongo. Sikuyua bamemuita. Mutoto alikuwa amelala, kofia ya laine ya manjano. Nilimuona masikio. Midogo. Nikaangalia ukuta.

Docteur akasema: "Papa, tunakusikiliza."

Nikasimama. Nikasema: "Docteur, mimi njo baba yake. Mutoto alikosea. Kinywa yake ilikimbia mbele ya kichwa. Famille tunapiga magoti."

Njo vile nilisema. Alikosea. Neno ilitoka yenyewe. Juu nikisema hakukosea, bataniuliza: basi ni nani?

Nilisikia Berna anageuza kichwa. Sikumuangalia.

Mama Plamedi hakulia. Alisema: "Papa, mimi sitaki kuku. Naomba tu aandike tena, aseme mutoto yangu eko muzima. Mama-mukwe alimuvua mutoto nguo mbele ya bantu, atafute ku mugongo alama ya kuzaliwa ya kwabo. Hakuikuta. Sasa hamubebe tena."

Docteur akamuuliza Berna: "Unakubali?"

Desturi inasema mutoto ananyamaza. Berna akajibu: "Sikuandika, docteur. Baba yangu hapa amesema niliandika. Mimi sikuandika."

Docteur akashika kichwa. Akasema kukataa njo kunaharibu zaidi. Akasema: "Papa, rudia na kuku yako. Tutaonana mu conseil."

Mu njia ya kurudia Berna alitembea mbele, mbio. Mimi nyuma na kuku. Batoto ba mu avenue balipiga kelele: "Papa! Unapeleka bibi-arusi wapi?" Kuku ikaninyea ku veste.

Ku kona Berna alisimama. Nikawaza ananingojea. Hapana. Alikuwa anatafuta mouchoir ya kupanguza macho. Kisha akaenda.

Mercredi 10 juin

Sikufungua atelier. Kuku inatembea mu lupango, mu uwanja ya nyumba, inakula bukari, ugali ya jana. Bibi yangu anaipatia mayi. Ananiangalia, hasemi.

Afazali angesema.

Jeudi 11 juin

Kasumbalesa. Nilijiambia naenda kutafuta téléphone juu ya Berna. Nusu ni kweli. Nusu ingine nilikuwa nakimbia. Huko hakuna muntu ananiita baba.

Ma camion mustari murefu, machauffeur banalala chini ya ma camion yabo, bachangeur ba feza banaita. Nilimukuta mama Zaituni ku soko, na kilemba yake ya kahawia, mikono mu samaki. Yeye ni wa famille ya Maniema, islamu, babu yake alikuya na biashara na hakurudia tena. Aliniona mbali.

"Fundi! Umekuya kuangalia kama inatoa baridi? Inatoa mpaka samaki banaomba blanketi!"

Bamama ba ku meza ingine bakacheka. Mimi pia, na meno tu.

Akapanguza mikono, akaingiza mu sac, akatoa téléphone yangu mu kitambaa yake ile ile. "Niliikuta chini ya plateau. Nikasema: ewe, fundi anaficha bibi mwingine mu congélateur yangu!" Kicheko tena. "Nikatia carte yangu nione ni ya nani, nikuite. Wallahi, matusi ikaanza kuingia. Asubui yote, drii, drii. Uyu mama wa kitambaa ya kijani alifanya nini?"

Nikajibu: "Hakufanya kintu."

Ilikuwa mara ya kwanza naisema. Nikasikia ninaweza kuendelea. Nikaendelea. "Ni mudogo yangu. Mimi njo niliandika. Jina yake njo ilitoka."

Aliacha kucheka. Akapanga samaki zake, moya moya, vichwa upande moya. Kisha akasema polepole: "Mimi nilisoma ile matusi asubui moya tu, na yeye si ndugu yangu. Nikaifunga tena mu kitambaa. Yeye anaisoma namna gani?"

Nilinyosha mukono.

Akatoa carte yake, akanipa téléphone. "Shika. Na usiirudishe mu frigo ya watu."

Mu njia ya kurudia nilikuwa naishika mu mukono. Sikuitia mu mufuko.

Vendredi 12 juin

Nilimuambia bibi yangu. Asubui, ku jiko, amesimama na mwiko.

Hakushituka. Akasema: "Seau ya kutoboka, baba Carine. Niliyua tangu ile siku."

Nikamuuliza juu ya nini hakusema.

"Kama mimi njo nilisema, ungekuwa muntu wa kushikwa. Nilitaka ukuwe muntu wa kusema." Akazungusha bukari. "Lakini mardi, ulipotoka na ile kuku, nilikuchukia. Nakuambia ukuyue."

Nilikula. Akanitilia mayi.

Nilimuomba tuende wote kwa Berna kesho. Akakataa. "Ku maternité ulienda na nani? Ulienda na yeye, ukamuacha peke yake. Sasa na wewe enda peke yako."

Samedi 13 juin

Nilienda kwa Berna, ku Ruashi. Bwana yake alikuwa anafagia lupango. Alinisalimia na heshima, akaniwekea kiti. Ile kiti njo iliniuma ya kwanza.

Niliweka téléphone ku meza. Berna aliiangalia. Akashika ku kona, kwenye iko na ufa. Aliyua ile ufa, yeye njo aliiangusha zamani.

"Uliniambia ilikufa."

"Nilidanganya."

Nikasema yote. Article, docteur, ma frigo, bouton ya bleu. Neno niliongeza. Salopette. Congélateur. Bwana yake aliacha kufagia.

Berna alitia carte yake, akafungua ile site. Akanionyesha kwenye bouton, na kidole. Nilivaa lunettes. Kulikuwa na maandishi midogo sana: Continuer en tant que Bernadette, ni kusema: endelea na jina ya Bernadette. Ilikuwa pale siku yote. Iliniambia mbele, na mimi sikusoma.

Nikawaza atalia, ama atapiga kelele. Hakufanya. Akasema: "Ile ya internet ni bujinga, yaya. Bujinga ya muntu na kasirani, nitaivumilia siku moya. Lakini mu bureau. Ulisimama karibu yangu, ukasema mutoto alikosea. Ulikuwa unayua."

"Nilikuwa nayua."

"Na mimi niliwaza: labda niliandika na nilisahau. Kama yaya anasema, labda ni kweli. Mangaribi yote nilijitafuta mu kichwa."

Ile sikuyua. Ile sitaisahau.

Nikamuambia nitaenda kwa docteur. Akajibu: "Uende, ama usiende, mimi sitakubembeleza. Sasa toka, yaya."

Bado ananiita yaya. Siyui kama ni heshima ama kinywa tu imezoea.

Téléphone ilibakia kwake. Alitia code mbele yangu, akageuza écran nisione. Alifanya muzuri.

Dimanche 14 juin

Courant ilirudia tangu asubui. Frigo ya mwalimu inazunguka, nilitia compresseur ingine. Inatoa sauti ya chini, muzuri.

Kisha ya kanisa nilipita kwa mama Plamedi. Sikuingia. Nilisimama ku mulango nikamuomba kesho akuye ku maternité, na mama-mukwe yake kama anakubali. Nilisema: kuko muntu atasema kweli mbele yenu. Akaniuliza ni nani. Nikasema mimi. Aliniangalia sana. Akasema atakuya. Mutoto alikuwa macho leo, ananyonya mukono.

Carine, binti yangu, alinifungulia compte yangu ya kwanza ya Facebook. Jina yangu yote. Bibi yangu njo alipiga photo, mbele ya atelier. Nilitaka kutoa lunettes. Akasema: "Acha, bakuone nazo."

Kesho, lundi tarehe 15, saa ya rapport ya asubui, wakati infirmière yote na accoucheuse yote, benye kuzalisha, beko mu salle, nitaomba docteur dakika. Nitasema: Berna hakuandika. Mimi njo niliandika, mutoto hakukufa, na mardi niliwadanganya mara ya pili. Anaweza kunifukuza. Anaweza kunipeleka kwa polisi. Nitasema mbele ya conseil kuketi, isingojee mercredi. Mbele ya kutoka mu ile salle nitaandika kule kule chini ya ile article, na jina yangu na sura yangu. Nitaanza na mutoto: eko muzima. Ingine itafuata.

Kuku haiende kwa docteur tena. Kwetu kuku inaenda kwa ule ulimukosea. Nikitoka kule nitaipeleka kwa Berna, mbele ya bwana yake na baba mudogo. Akiikataa, nitaiweka ku mulango.

Sasa imelala mu caisse, imekunja kichwa mu manyoya. Veste nilifua, doa haikutoka yote. Nitaivaa vile.

Kesho nitaibeba tena mu ile avenue. Batoto bacheke. Safari hii kosa ni yangu, na nitaenda nayo mwenyewe.